Namba Kumi ya Bwana Mifugo

Bwana Mifugo alikuwa anaitikia "marahaba" kabla hujamwamkia. Unatokea tu kwenye kona ya uzio wake, mdomo bado umejaa muhogo, yeye ameshasema, "Marahaba, hujambo, wapishe hao mbuzi." Ukimwambia hakuna mbuzi anageuka kutazama, kisha anasema, "Basi watapita." Na kweli, mtaa wetu mbuzi lazima wapite.

Mama yangu aliona kosa ni langu. "Mtu mzima akifikia kuitikia salamu ambayo hujaitoa," alisema, "ujue ameshakata tamaa na wewe."

Jina halisi la Bwana Mifugo nalijua, ila sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa ofisa mifugo, anachanja ng'ombe kuanzia kwetu pembezoni mwa mji wa Singida hadi vijiji vya Ilongero, na alikuwa anapiga gitaa la umeme. Sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyebeba vyote viwili kwenye pikipiki moja, boksi la chanjo mbele, gitaa mgongoni limefungwa kwa kiroba cha pumba. Naandika habari zake kwa sababu mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nilimharibia kitu ambacho hakitengenezeki. Nitafika huko. Mkiona nachelewesha kwa vichekesho, mjue naogopa.

Alikuwa mwoga wa mbwa. Kila mwaka alichanja mbwa wa kata nzima dhidi ya kichaa, na kila mwaka ilibidi Shemeji ashike mbwa, halafu Nesi amshike yeye. Nesi ndiye mke wake, nesi wa kweli wa zahanati. Shemeji ni mdogo wake Nesi, dereva wa bodaboda. Alikuwa shemeji wa mtu mmoja tu, lakini mtaa mzima tunamwita hivyo, hadi bibi yangu ambaye kwa umri angeweza kumzaa mara mbili.

"Masikio kwanza," ndio ulikuwa msemo wa Bwana Mifugo. "Mnyama hasemi wapi panauma. Tazama masikio. Yakilala, mwite mtu kama mimi." Watu pia aliwapima hivyo hivyo. Siku ya mtihani wa Hisabati nikajilaza kibarazani na tumbo la kusingizia, mama akamwita kwa mzaha, akaja kweli, akainama, akanitazama masikio kushoto na kulia. "Yamesimama. Nenda shule."

Muziki wake ulikuwa roki. Mtaani waliuita muziki wa kugombana. Bibi alipousikia mara ya kwanza alisema neno la Kinyaturu ambalo mama alikataa kunitafsiria, na mpaka leo nikiliuliza wanabadilisha mazungumzo. Lakini mtu mwenyewe alikuwa hapendi kelele. Ukifunga mlango kwa nguvu anashtuka. Alikuwa anapiga gitaa linalotikisa vikombe kabatini kwetu, halafu anatoka nje kutuambia watoto tucheze kimyakimya kwa sababu kuna watu wamepumzika.

Bendi iliitwa Kwato. Yeye gitaa la solo, Shemeji ngoma, Nesi gitaa la besi na sauti. Walikuwa wanarekodi albamu sebuleni kwao, magodoro yamesimamishwa ukutani, kompyuta imewekwa juu ya meza ya chakula karibu na chupa ya chai. Tatizo lilikuwa mashine ya kukamua alizeti iliyo ng'ambo ya barabara. Ikiwaka, umeme wa mtaa mzima unalegea, taa zinakuwa rangi ya chai ya maziwa, na gitaa linaunguruma kama ng'ombe aliyejaa gesi. Mwenye mashine, Hajji mmoja mpole sana, hakuwahi kuizima kwa ajili ya mtu. Aliizima kwa ajili ya Mungu tu. Ijumaa saa sita mchana anaizima, anaoga, anaenda msikitini, anarudi saa nane kasoro anaiwasha. Basi albamu nzima ya Kwato ilirekodiwa ndani ya nafasi hiyo ya sala ya Ijumaa. Ijumaa moja wanarekodi vyombo, Ijumaa inayofuata Nesi anaweka sauti. Bwana Mifugo, Mkristo wa kwenda kanisani mwezi kwa mwezi, alikuwa anajua saa za adhana kuliko muadhini.

Nilikuwa darasa la saba, na kwetu kulikuwa karibu na shule, kwa hiyo mchana wa Ijumaa nilikuwa naruka uzio. Walinikalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, kwenye kona. "Chiriku," Bwana Mifugo ananiambia, hilo ndilo jina alilonipa kwa sababu sinyamazi, "ukitoa sauti nakuchanja." Na mimi, ambaye walimu watatu wameniandikia barua nyumbani kwa ajili ya mdomo, nilikaa pale kimya kama gunia la mtama. Kwa Nesi ningekaa kimya hata siku mbili.

Nesi alikuwa anacheka kwa kuchelewa. Hiki ni kitu cha kujua. Unamwambia kichekesho, wote tunacheka, tunamaliza, tumeshaanza kuzungumzia bei ya mafuta, ndipo yeye anapasuka. Mara nyingine yuko jikoni peke yake, unasikia sufuria inaanguka. Mimi niliishi kwa ajili ya kile kicheko. Mtu anayecheka papo hapo anaweza kuwa anakupa heshima tu. Aliyechelewa amekwenda kukifikiria.

Walikuwa wanagombana juu ya albamu, na ugomvi wao ulikuwa mtamu kuliko albamu yenyewe. Yeye Nesi alitaka nyimbo za kuimbika, za harusini, za kushika mara moja. Mume alitaka vyombo vitupu.

"Watu wanataka kitu cha kuimba wakiwa wanafua, Bwana Mifugo." Hata mke alimwita hivyo, hasa akikasirika.

"Waimbe. Mimi nimewakataza? Lakini kwa nini lazima niwape maneno? Ng'ombe anaumwa bila maneno na namwelewa."

"Mimi si ng'ombe."

"Sijasema."

"Umesema kwa gitaa. Nimesikia."

Shemeji akagonga ngoma mara moja, ile ya kwenye vichekesho, wote wakacheka. Mimi kwenye ndoo nikajing'ata ulimi.

Wakaelewana hivi: moja yako, moja yangu. Namba moja, tatu, tano, saba na tisa zikawa za Nesi, nyimbo tamu kabisa, moja inahusu foleni ya kliniki, moja inahusu ua la alizeti linalomgeukia mtu asiyestahili. Namba mbili, nne, sita na nane zikawa za mume, hazina neno hata moja, na aliziita kwa majina ya magonjwa ya mifugo. Ndigana. Kimeta. Mapele Ngozi. Midomo na Miguu. Nesi aliposoma orodha alikwenda kuanika nguo, akarudi na beseni tupu, ndipo akacheka mpaka akakaa chini. Albamu yenyewe waliiita Josho, kwa sababu, alisema Bwana Mifugo, ng'ombe anaingia upande mmoja akiwa na kupe na anatoka upande wa pili akiwa ameshtuka.

Ukiisikiliza mfululizo unasikia ndoa. Mmoja anasema, mwenzake anajibu bila kusema.

Namba kumi ilikuwa zamu ya mume. Waliirekodi mimi sipo, nimeshaingia kidato cha kwanza, shule ya mbali, mchana nakula makande huko huko. Walirekodi vyombo Ijumaa.

Jumanne Nesi akafa. Presha. Mtu aliyepima presha za mtaa mzima, aliyemfuata bibi yangu hadi shambani na kile kipimo, alikuwa hajipimi yake.

Msibani Bwana Mifugo alikaa kwenye mkeka na viatu vyake vya kazini. Watu wanaingia, wanainama, wanampa mkono: "Pole sana." Naye anajibu, "Marahaba." Kila mtu. "Pole, ndugu yetu." "Marahaba." Watoto wa mtaani walinitazama mimi, maana mimi ndiye huwa nazindua kicheko. Nilitazama masikio yake. Sijui kama masikio ya mtu yanaweza kulala. Niliona yamelala.

Miezi ilipita, albamu ikatoka. Kutoka kwenyewe ni kwamba Shemeji alipeleka flashi kwa kijana anayerusha nyimbo kwenye memori kadi pale stendi. Watu wakaipenda kwa namna ya kushangaza. Nyimbo za Nesi zikaingia kwenye bodaboda zote. Za magonjwa wakazitumia wachunga ng'ombe, nasikia Ndigana inasaidia ng'ombe kuvuka barabara. Ila namba kumi iliwachanganya. Haikuwa na jina, ni "Namba Kumi" tu. Inaanza kwa gitaa kali, inapanda, inapanda, halafu katikati gitaa linanyamaza. Zinabaki ngoma na besi, urefu wa beti moja, kisha gitaa linarudi. Mwishoni kabisa unasikia mashine ya Hajji inawashwa.

"Hapa katikati umeme ulikatika?" watu walimuuliza.

"Haukukatika," alijibu, basi.

Jioni akitoka kazini alikuwa anakaa juu ya pikipiki yake iliyoegeshwa, spika moja ya sikioni sikio la kulia, anasikiliza. Kuna mahali midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nilidhani anahesabu.

Sasa nimefika.

Nikiwa kidato cha tatu, likizo ya Juni, nilikuwa na simu ya mama na kichwa kisicho na kazi. Nikaisikia ile nafasi ya namba kumi, nikaona kama kiti kitupu kwenye basi, na mimi kiti kitupu siwezi kukiacha. Nikarekodi sauti yangu juu yake:

*Maharage ya shule yana nyama ya bure,*
*fukusi kaja darasani, naye kavaa sare.*
*Kwenye sufuria kubwa kapiga mbizi,*
*jamani msimtoe, anafanya mazoezi.*

Ilikaa kama imeshonwa. Nikamtumia rafiki yangu mmoja. Baada ya wiki mbili, wanafunzi wa Iguguno, ambako sijawahi kufika, walikuwa wanaiimba. Memori kadi zote mpya za stendi zilikuwa na namba kumi yangu, si ile yake.

Nilimwona akiisikia. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Tulikuwa mnadani, mama anauza mafuta ya alizeti, mimi namsaidia kwa kukaa. Bwana Mifugo alikuwa ndani ya zizi, ameshika sikio la dume moja jeusi, anamvisha hereni ya utambulisho. Muuza nguo za mitumba akafungulia spika lake. Gitaa likapanda, likanyamaza, nikaingia mimi na maharage yangu. Mnada mzima ukapokea. Wauza supu, wachungaji, mama mmoja na mtoto mgongoni. Nilijisikia nimekuwa mrefu kuliko zizi. Na nikafanya kitu ambacho nikikikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu: nikampungia mkono. Nikajigonga kifuani, nikamwonyesha kwa mdomo, *ni mimi!*

Aliliachia sikio la dume. Polepole, kama mtu anayeweka yai chini. Akaruka zizi, akawasha pikipiki, akaondoka. Boksi la chanjo likabaki juani. Bwana Mifugo, aliyekuwa akilifunika boksi lile kwa koti lake mwenyewe mvua ikinyesha, aliliacha juani.

Shemeji alikuja nyumbani kesho yake. Hakukaa.

"Dogo, unajua ile nafasi ilikuwa ya nini?"

"Si ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi, eeh." Akavua kofia yake ngumu, akaivaa tena. "Ilikuwa zamu ya bro, wimbo wa vyombo. Akamwambia dada, 'Hapa nanyamaza, beti moja. Utasema unachotaka.' Dada akamuuliza, 'Niseme nini?' Akamwambia, 'Mimi najuaje? Ndiyo maana nanyamaza.' Zawadi, umenielewa? Mtu anayependa vyombo vitupu. Dada alikuwa aweke sauti Ijumaa inayofuata. Ijumaa hiyo tulikuwa makaburini."

Mama alikuwa amesikia yote. Akaniambia nichukue kuku.

Kwetu mtoto akimkosea mtu mzima haendi mikono mitupu. Nikachukua tetea wa kahawia, nikampeleka. Njia nzima niliyapanga maneno. Bwana Mifugo akafungua mlango, sebule nyuma yake imejaa magodoro yaliyolala sasa, gitaa ndani ya kiroba. Nikamtazama, ulimi ukakimbia.

"Mama amekutumia kuku," nikasema. "Anasema ana sauti nzuri."

Kichekesho. Hata hapo. Alimpokea, akamgeuza, akamtazama macho na pua. "Huyu ana mafua," akasema, akafunga mlango.

Hakupiga tena gitaa. Mtaa ukawa mtulivu, vikombe kabatini vikatulia, na bibi yangu, yule yule wa neno la Kinyaturu, akawa anauliza Ijumaa mchana, "Mbona leo kimya?" Bwana Mifugo aliendelea kuchanja, kuogopa mbwa, kuitikia marahaba. Ila jioni juu ya pikipiki alikaa bila kitu sikioni.

Nilijaribu kurekebisha. Kwenye mahafali ya waliotutangulia waliniita jukwaani niimbe maharage, wakafungulia spika. Nikapanga: gitaa likinyamaza na mimi ninyamaze, beti nzima, wajue kuwa pale si pangu. Gitaa likanyamaza. Nikashusha maiki. Na shule nzima, wazazi na mpishi wa maharage mwenyewe, wakaimba bila mimi. Wakaimba vizuri sana.

Mwezi uliopita akapata uhamisho kwenda Nduguti, wilaya ya Mkalama, kule kwenye ofisi mpya za serikali. Nilisikia Ijumaa asubuhi kwamba fuso linapakia. Ilipofika mchana, mashine ya Hajji imezimwa, nikaruka uzio kama zamani, nimevaa sare, nimekuwa mrefu sasa, uzio ukanichana soksi.

Alikuwa amekaa juu ya spika kubwa ya gitaa, uani. Shemeji yuko juu ya fuso anafunga kamba. Nilisimama nikisubiri aseme marahaba. Hakusema. Alinitazama tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu ilibidi nianze mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Chiriku. Yule kuku alipona. Anataga."

"Siku ile sikuomba msamaha."

"Hukuomba. Ulileta salamu za kuku."

"Nisamehe, Bwana Mifugo." Sauti ilitoka nyembamba. Sikuitambua.

Alisogea kidogo kwenye spika ili nikae. "Nikueleze ulichofanya? Sikulaumu. Nakueleza kama navyomweleza mtu ugonjwa wa ng'ombe wake, ajue." Akasubiri nikubali kwa kichwa. "Pale katikati, mimi nilikuwa namsikia. Kila jioni nikifika pale anaimba. Maneno mapya kila siku. Siku nyingine ananisema nimeacha buti sebuleni. Siku nyingine anaimba majina ya wagonjwa wake. Karibu miaka miwili, hakuwahi kurudia beti." Akakuna goti. "Sasa nikifika pale nakusikia wewe na fukusi."

"Nitaifuta. Nitawaambia wote wafute."

"Na humu?" Akagusa sikio lake.

Mimi nina jibu la kila kitu. Waulizeni walimu wangu. Nikaivuta soksi yangu iliyochanika.

"Unajua kinachoniuma zaidi?" akasema. "Inachekesha. Ingekuwa mbaya ningekuchukia, nikapumzika. Lakini angecheka. Pale kwenye sare."

"Angechelewa," nikasema.

"Angechelewa sana."

Akatoa simu mfukoni na waya wa masikioni. Akaupangusa kwa shati, akanipa upande mmoja, mwingine akaweka yeye, sikio la kulia. Akaitafuta namba kumi, ile yake, ya kwanza. Gitaa likaanza, likapanda, likapanda, likanyamaza. Nikajifunika mdomo kwa mikono miwili.

Na hapo ndipo nikaisikia besi. Mara zote nilizoisikiliza nikitafuta pa kuweka maharage yangu, sikuwahi kuisikia. Sauti nne zinapanda, zinapumzika, zinarudi, kama mtu anayepita kwenye kibaraza cha zahanati na kandambili. Vidole vyake. Pale hapakuwahi kuwa patupu.

Bwana Mifugo akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, na kutoka ndani yake, chini kwa chini, kwa sauti ya mtu anayeimba kanisani, nikasikia: *Maharage ya shule yana nyama ya bure, fukusi kaja darasani, naye kavaa sare.*

Akaishia hapo. Iliyobaki hakuiimba. Besi ikaendelea peke yake, na Shemeji juu ya fuso, ambaye hakuwa na waya wowote sikioni, akaacha kufunga kamba. Hakuna aliyejikuna, hakuna aliyekohoa. Tukasubiri, maana Nesi siku zote alikuwa anachelewa.